Kinyonga wa Naro Moru hahitaji balbu yako

Wiki hii watu kumi na mmoja wameniandikia kwa inboksi kuhusu kitu kile kile. Nimewahesabu. Wote wameona klipu ya yule jamaa wa Marekani mwenye rafu ya droo za plastiki, kila droo na nyoka wake, waya wa joto umepita nyuma, na kidude chenye namba nyekundu kinasoma digrii. "Bro, tutengenezee ya kwetu. Tumia mbao, iwe ya bei ya Kenya." Mmoja wa Nanyuki akaongeza kwamba tayari ameshika vinyonga watatu, wako kwa ndoo, na anangoja tu video yangu ndiyo awahamishe.

Huyo wa ndoo ndiye amenifanya niandike badala ya kurekodi.

Kwanza niseme ukweli: hiyo rafu naijua, na naweza kuijenga kwa wikendi moja. Si uchawi. Mnyama wa jamii ya nyoka, kinyonga na kobe hajitengenezei joto mwilini kama sisi, analichukua nje. Akitaka kusaga chakula anasogea penye joto, akichoka nalo anarudi penye baridi. Kwa hivyo unaweka joto upande mmoja wa droo tu, si kote, ndiyo achague mwenyewe. Themostati inakata stima joto likifika uliposema na kuirudisha likishuka. Wale chatu wadogo unaowaona kwa hizo klipu, wanaojikunja kama mpira, asili yao ni Ghana, Togo na Benin. Huko ni joto mwaka mzima. Sasa mtu akimfuga mahali penye theluji, bila shaka lazima amletee Ghana ndani ya droo. Inaeleweka kabisa.

Lakini wewe uko Naro Moru. Au Kiganjo, au Nanyuki, au Chaka. Huna chatu wa Ghana. Huyo uliye naye umemtoa kwa ua la kayaba nyuma ya choo, na huyo ni mnyama wa baridi. Hapo ndipo kosa linaanzia, na najua kwa sababu nimelifanya.

Nilikuwa darasa la saba. Nilimpata mmoja kwa ua, mkubwa, kijani na manjano, ana kapembe kamoja puani na kofia ngumu kichwani kama ya mtu wa boda. Nikamweka kwa katoni, nikatoboa matundu, nikachukua balbu ya wati 100 iliyobaki baada ya nyumba kuwekwa zile mpya za LED, nikaining'iniza juu yake. Nilikuwa nimeona kwa kitabu kwamba wanyama hawa wanapenda joto. Usiku wa Julai hapa kwetu unaujua: ukitoka nje pumzi inaonekana. Nikajiambia namwokoa. Siku ya kwanza alikuwa amefungua mdomo tu, ameuacha wazi. Mimi nikadhani ana hasira. Kumbe ndivyo anavyojaribu kupunguza joto. Hakugusa nzi hata mmoja niliomwekea. Maji nilimpa kwa kifuniko cha soda, na sasa najua wengi wao hata hawatambui maji yaliyotulia, wanalamba matone kwa majani, umande na mvua. Siku ya pili jioni nilimkuta chini, amegeuka rangi ya majivu.

Shosho, ambaye hunita "mume wangu" kwa sababu nimebeba jina la guka, alikataa kuingia chumba hicho kwa wiki nzima. Si kwa huruma, kwa woga. Kwa watu wa rika lake kinyonga ndiye aliyetumwa na Mungu awaambie watu kwamba hawatakufa, akachelewa njiani, akafika na kigugumizi, ndege akamtangulia na habari ya kifo. "Umemleta yule mchelewaji kwa nyumba yangu, na sasa amefia humo." Mimi sikuwa na la kusema. Nilimzika karibu na tangi.

Baadaye ndiyo nikasoma kuhusu niliyemuua. Yule wa pembe moja na kofia anaitwa kinyonga wa Höhnel, jina la ofisa wa jeshi la maji wa Austria aliyepita sehemu hizi na Teleki mwaka 1887. Wa pembe tatu, yule kila mtu anataka kupiga naye selfi, ni kinyonga wa Jackson. Na ukipanda mlima kwa njia ya Naro Moru, ukapita msitu na mianzi, kuna wa tatu, mdogo, anayeishi Mlima Kenya tu, juu kule karibu mita 3,000 na zaidi, mahali usiku maji huganda. Anaamka na barafu kwa nyasi, anageuka mweusi kabisa ili rangi ivute jua, anapata moto, anaanza kuwinda. Hiyo ndiyo hita yake. Ngozi.

Tena hawa wa baridi hawatagi mayai ardhini kama kinyonga wa Pwani. Ardhi ya huku ingeyachelewesha au kuyaua. Mama anabeba watoto tumboni miezi kadhaa, anaota jua nao, kisha anawazaa wakiwa hai, mmoja mmoja, wanadondoka kwa tawi na kuanza kutembea. Kwa hivyo ukichukua jike mnene Machi ukamfungia kwa ndoo, hukuchukua mmoja. Huenda umechukua ishirini.

Mwili wote huo umejengwa kwa mchana wa vuguvugu na usiku wa baridi. Ikizidi digrii 30 anaanza kuteseka, na katoni yenye balbu ya wati 100 inapita hapo kabla hujamaliza chai. Ndiyo maana nasema sanduku la joto kwa kinyonga wa Naro Moru ni oveni. Hakuna mbao nzuri, hakuna themostati ya bei, itakayobadilisha hilo, kwa sababu shida si fundi. Shida ni kwamba umempa mnyama dawa ya ugonjwa asio nao.

Halafu kuna sheria, na hapa najua baadhi yenu mtaniita polisi. Sawa. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haisemi ndovu na simba peke yao. Mnyama wa porini ni mnyama wa porini hata akiwa na urefu wa kidole, na kumweka nyumbani bila kibali cha KWS ni kosa. Vinyonga hawa pia wako kwa mkataba wa CITES, kumaanisha kuwavusha mpaka bila karatasi ni kosa huku na huko unakompeleka.

Mnadhani hakuna anayejali kitu kidogo? Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, hata miaka ishirini hawajafikisha, walishikwa kwa nyumba ya wageni kaunti ya Nakuru na siafu. Sawa, si siafu haswa, ni wale chungu wakubwa wekundu wanaovuna mbegu, malkia karibu 5,000, kila mmoja au wawili kwa kamrija kadogo na pamba ndani ili waishi safari nzima. Mei wakatozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, ama jela miezi kumi na miwili. Mkenya na raia wa Vietnam waliokuwa na kesi ya aina hiyo wakapewa adhabu hiyo hiyo. Kwa Ulaya na Asia kuna watu wanafuga chungu kwa vioo kama wewe unavyotaka kufuga kinyonga, na wako tayari kulipa vizuri. Sasa fikiria: kama chungu wamefikisha mtu kortini, yule wa pembe tatu je?

Na yule wa pembe tatu tayari ana historia, na historia yenyewe inatuhusu. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama huko Hawaii aliletewa vinyonga kutoka Kenya, dazeni kadhaa. Walifika wamekonda, wamekauka. Akafanya kitu cha huruma: akawaachilia kwa bustani nyuma ya nyumba, pale Kaneohe, wapate nafuu. Wakapata nafuu. Wakatawanyika. Leo wamejaa visiwa kadhaa, na wanakula konokono na wadudu ambao hawako popote pengine duniani. Kabila lao ni lile la miteremko ya Mlima Kenya. Watu wa nyumbani, kwa ufupi, waliofika ng'ambo bila kuulizwa na sasa wanaitwa wavamizi. Kenya ilisimamisha biashara hiyo ya kuwauza nje mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini kabla ya hapo walitoka kwa maelfu.

Kwa hivyo ukiona mzungu anauza "Jackson" kwa dola mia na ushee, usikasirike kwamba wewe huwezi. Kasirika kwamba hapa hatukubaki na chochote isipokuwa mabaki kwenye ua.

Lakini sitaki kuwa yule mtu wa "acha, acha, acha" halafu anaondoka. Kuna kitu kinaniuma hapa. Kijana wa Kieni anayependa nyoka na vinyonga, anayejua kusoma tabia zao, anaenda wapi na kipaji hicho? Ukiwa Nairobi kuna Snake Park pale makumbusho. Ukiwa Pwani kuna Bio-Ken, Watamu, iliyoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, mahali wanaweka nyoka, wanatoa sumu inayosaidia kutengeneza dawa, na wanafunza watu na madaktari namna ya kushughulikia mtu aliyeumwa. Huyo Ashe ndiye aliyemweleza kisayansi kwa mara ya kwanza, mwaka 1968, nyoka wa miti anayeishi misitu ya upande wetu huu tu, Chuka na Nyambene. Mweusi mwenye madoa ya manjano, mzuri hadi unataka kulia, sumu anayo na dawa yake maalum haipo. (Kwa wale watatu walioniuliza kuhusu kufuga "nyoka mzuri wa mlima": jibu ni hapana, na jibu la mama yako pia ni hapana.)

Mlima Kenya wote, na aina zote hizi ambazo haziko kwingine, na kwa kijana wa shule ya upili hakuna mlango ulio wazi wa kuingia. Sheria inaruhusu watu kupewa leseni za kufuga wanyama wa porini kwa utaratibu, mamba, kobe, nyoka, vinyonga, hata vipepeo. Kule Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo umekuwa tangu 1993 ukisaidia wanakijiji kulea vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo kihalali, na msitu ukabaki umesimama kwa sababu msitu ndio unaoleta hao vipepeo. Kwa nini hakuna kitu kama hicho huku juu? Sisemi kila mtu apewe kinyonga. Nasema klabu ya shule yenye mwalimu mmoja na ua lililotunzwa ingepaswa kupata kibali bila kuhitaji wakili. Kijana akijua sheria kupitia korti peke yake, tumeshachelewa kama yule mjumbe wa shosho.

Mpaka mlango huo ufunguke, cha kufanya kipo. Kinyonga ukimwacha kwa ua lake, unaweza kumfuata mwaka mzima bila kumgusa. Usiku ndiyo rahisi zaidi: akilala anapauka, na ukipitisha tochi kwa majani anang'aa kama karatasi. Mimi nina mmoja hapa nyuma ninayemfuata tangu Februari. Najua tawi lake. Najua wiki aliyobambua ngozi. Piga picha, iweke kwa iNaturalist, kuna wataalamu wa dunia nzima watakaokuambia ni aina gani. Kitu kimoja tu nawaomba wenzangu wenye kamera: usitaje ua ni la nani wala liko wapi. Ficha ramani. Anayenunua vinyonga pia ana simu.

Na mwambie mzee asikate ua lote siku moja. Ua likifyekwa kutoka juu hadi chini, au likipuliziwa dawa ya shamba la vitunguu, kila aliye ndani amekwisha, na hakuna atakayeshtakiwa.

Sasa lile sanduku. Najua wengi wenu mlichotaka zaidi ni kujenga. Mikono inawasha, themostati mmeshaagiza Luthuli. Basi jenga, lakini mweke ndani mnyama anayelihitaji joto hilo kweli, na ambaye shosho hatamkimbia: kifaranga wa siku moja.

Usicheke. Kifaranga hana manyoya ya maana. Wiki ya kwanza anataka digrii 32 hadi 35, halafu unashusha kama digrii tatu kila wiki hadi aote manyoya. Usiku wa hapa unaweza kushuka chini ya digrii 10. Hiyo tofauti ndiyo kazi ya hilo sanduku lako, na ndiyo inaua vifaranga wa Naro Moru kila msimu wa baridi, sio laana. Watu wengi bado wanatumia jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Tulifanya hivyo na shosho kwa vifaranga hamsini wa kienyeji kilichoboreshwa. Asubuhi tulikuta kumi na tisa wamelala ubavu. Ile hewa ya makaa haina harufu, na kama mimi ningelala humo kuwachunga, nilivyokuwa nimepanga, huenda hamngekuwa mnasoma hii.

Mara ya pili nikarudi kwa ule mchoro wa rafu. Nikakosea tena, kosa la kijinga: nilinunua balbu mbili za LED. Mwanga safi, joto sufuri. Vifaranga wakarundikana kona moja kama watu wa matatu ya mwisho, wa chini wakakanyagwa. Balbu inayofaa ni ile ya kizamani ya waya ndani, au ile nyekundu ya joto ya wati 250. Hesabu stima kabla ya kujisifu: wati 250 zikiwaka saa 24 ni yuniti sita kwa siku. Ndiyo maana themostati inajilipa, kwa sababu inaizima balbu mchana jua likiwaka.

Mengine ni yale yale ya rafu. Kihisi cha themostati kiwe kimo cha mgongo wa kifaranga, si juu kwenye dari, la sivyo unapima joto la hewa ambayo hakuna anayeipumua. Joto liwe upande mmoja, ili aliyeshiba joto aondoke. Zungusha ubao mwembamba ndani usiwe na kona. Balbu ifungwe kwa mnyororo, kamwe isining'inizwe kwa waya wake wa stima, na isikaribie maranda. Hizi themostati za bei nafuu hufa zikiwa zimeshika, yaani swichi inaganda ikiwa imewashwa na joto linapanda tu. Weka ya pili ikate digrii tatu juu ya ile ya kwanza. Kwa mwenye chatu hilo ni kupoteza nyoka. Kwako, sanduku la mbao ndani ya nyumba ya mbao, ni kupoteza nyumba. Mimi ya kwanza iliganda saa tisa usiku na nikaamshwa na kelele za vifaranga, wametawanyika hadi ukingoni, midomo wazi.

Midomo wazi. Nilisimama hapo na tochi nikakumbuka yule wa katoni.

Stima ikipotea, na itapotea, jaza chupa za soda maji moto, zifunge kwa soksi, weka katikati. Zinashika saa mbili, tatu. Shosho ndiye aliyenifunza hiyo, si YouTube. Kundi la mwisho tulianza na vifaranga sitini, wakavuka hamsini na saba. Sasa majirani wawili wanataka niwajengee, na kwa mara ya kwanza kamera yangu haijaniingizia hela lakini sanduku limeniingizia.

Video ya bruda nitaiweka Jumamosi, na nyaya zote nitazionyesha polepole. Na wewe wa Nanyuki mwenye ndoo: nilikujibu jana, hujasoma. Warudishe leo jioni kabla jua kuzama, ua lile lile ulilowatoa, kila mmoja tawi lake, usiwaweke pamoja kwa sababu watapigana. Wanyunyizie majani maji kidogo kwanza. Ukimaliza niandikie hata kama ni saa sita usiku.